Siku Bi Hafsa Alipobadilisha Paswedi

Kijiwe cha nyuma ya stendi ya Ikwiriri kimeegemea ukuta wa Bi Hafsa, fundi cherehani, na waliokizoea hawakumbuki lini walinunua bando mara ya mwisho. Mchana ule, watu wametoka tu kuswali adhuhuri, simu zote zikakata intaneti kwa mpigo. Mwinjuma, seremala waliyemwita Kapteni kwa kuwa zamani aliendesha boti ya abiria huko delta, akaizima yake, akaiwasha. Wapi!

— Setilaiti hiyo, alisema Shaabani, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa hilohilo, Setilaiti. Jua la leo limeunguza betri yake.

— Setilaiti gani, bwana! Gharibu akadakia. Mkonga wa intaneti umekatika. Kiboko kaukanyaga mtoni.

— Mkonga unapita mtoni?

— Kwani kiboko anakaa wapi, Kariakoo?

— Basi kiboko huyo katumwa. Wauza bando hao! Wamemchoka mtu anayekula intaneti ya bure.

Hemedy, muuza kahawa, alikuwa akitoka uani kwa Bi Hafsa na birika lake.

— Mnahangaika bure, alisema. Bi Hafsa kaifunga ruta yake.

— Kamwita fundi kutoka Dar?

— Fundi yeye mwenyewe! Siku ya tatu leo anasoma kijitabu cha ruta. Nimemkuta miwani puani, futi ya kupimia nguo shingoni, kaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa simu yake. Kaanza na paswedi ya kuingilia humo, ile ya kiwandani, kaitupa. Kisha ya waifai: maneno manne marefu, hayana undugu hata kidogo. Kazima na kile kitufe cha kuunganisha simu bila paswedi.

— Kile nacho kinazimwa? Gharibu aliuliza.

— Kinazimwa. Halafu kachagua ulinzi mpya, ule wa kuyafumba mambo yako yanapopita hewani, mtu baki asiyasome. Mwisho kaisasisha ruta yenyewe, ikazima, ikawaka. Mama wa watu hata jasho hana!

— Mwanamke yule! Gharibu alitikisa kichwa. Mimi ya kwangu hata kuipangusa vumbi naogopa.

— Maneno yenyewe manne ni yapi?

— Kanitoa nje kwanza, ndipo akayaandika.

Wakaangua kicheko. Hata Mwinjuma alicheka, huku akistaajabu moyoni. Yeye aliwahi kufungua injini ya boti katikati ya maji, lakini kijitabu cha namna ile angekirudisha kwenye boksi.

— Kwani kaudhiwa na nini? Shaabani aliuliza.

Hemedy akaweka birika chini.

— Mumewe, Saadi, wiki ya tisa hii yuko Dar anasafishwa damu. Wanaonana kwa video. Juzi daktari alishika simu amweleze Bi Hafsa habari ya dawa. Picha ikaganda, sauti ikakata. Alilia, jamani.

Juzi! Juzi kijiwe kizima kilikuwa kinaangalia mpira, kila mtu na simu yake, kwa waifai hiyohiyo. Mwinjuma akakiweka kikombe chini.

Hapo bodaboda ikamshusha Abdulhalim, mdogo wake Saadi, anatoka Mohoro kumwona shemeji yake. Alisalimia, akapewa kikombe, akasimuliwa ushujaa wote. Akafurahi sana. Kisha akauliza:

— Na ile paswedi ya zamani, nani aliwapa nyinyi?

Gharibu akanywa kikombe kisicho na kitu. Shaabani akaangalia mawingu. Hakuna aliyejua ilianzia wapi, ila Mwinjuma. Alipokwenda kutengeneza dirisha la Bi Hafsa, aliiona imebandikwa chini ya ruta, akaipiga picha.

Aliinuka, akazunguka ukuta.

— Hodi, Bi Hafsa.

— Karibu, kaka Mwinjuma.

— Ile paswedi ni mimi niliyeitoa. Sikujua kama namkatia mgonjwa simu. Nisamehe.

Bi Hafsa alimtazama juu ya miwani.

— Nilijua. Kwenye mipangilio niliona simu kumi na moja, na yako ina jina lako; na ni wewe uliyeingia humu kutengeneza dirisha. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Yameisha.

Simu ikaita mezani. Akaipokea, akaigeuza wote wawili waone. Saadi alikuwa kwenye mto mweupe, kakonda, lakini picha imetulia kama ya ukutani.

— Nani huyo? Kapteni? sauti ikaja safi. Mbona umeota mvi, bwana!

— Daktari yupo? Bi Hafsa alimkatiza, kalamu tayari mkononi.

— Huyu hapa.

Mwinjuma akafunga mlango wa kibarazani ili kelele za kijiwe zisiingie.