Nilivyofunguliwa Kutoka Hofu ya Bundi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu bila woga.

Wengi mnanijua, Mama Keza wa kwaya. Nilikulia Bukoba, nikarudi Rwanda nikiwa msichana, na sasa nafanya kazi ofisini Kacyiru, hapa Kigali. Asiyenijua kwa sura huenda ananijua kwa ndege. Jumamosi alfajiri nabeba kamera, nashuka bondeni kwenye mafunjo, napiga picha za korongo na mdiria, kisha naziweka mtandaoni. Watu huniandikia, "Kumbe hawa wako Kigali hii hii?" Nami namshukuru Mungu, maana kwangu hiyo ni ibada.

Asubuhi moja nikamkuta bundi kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba yetu. Ametulia, macho ya njano, ananitazama bila wasiwasi. Sijawahi kupata picha nzuri kama ile! Nikaiweka kwenye ukurasa wangu, nikaituma na kwenye kundi la familia ya mume wangu.

Jioni yake mama mkwe wangu akaanguka jikoni. Kiharusi! Akakimbizwa hospitali.

Shangazi wa mume wangu akaandika palepale chini ya picha, ukoo wote ukasoma: "Igihunyira! Umetuletea bundi, umemwita kifo. Futa!"

Nikafuta. Nikafuta na korongo, na mdiria, ukurasa wote ukabaki mtupu. Lakini hofu haikufutika! Ndege akilia juu ya bati, nalowa jasho. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nikikaribia kitanda cha yule mama, atakufa. Basi mume wangu akijiandaa kwenda kumwona, mimi kichwa kinauma. Kesho yake, tumbo. Ndugu zangu, yule mama ndiye aliyenifundisha kumbeba Keza mgongoni! Nilimpenda, na nilimkimbia. Naomba, lakini naona maombi hayavuki dari.

Siku moja mume wangu akarudi kutoka hospitali, akasema, "Mama anakuita. Amesema uende na kamera."

Nilikwenda nikilia njia nzima. Shangazi alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hakunisalimia. Mama alikuwa anaongea kwa shida, mdomo umeenda upande, lakini nilimwelewa kila neno.

"Mukazana wangu, mke wa mwanangu, nionyeshe huyo bundi."

"Wifi, usimtazame," shangazi akasema.

"Nimeshazeeka, acha nitazame ninachotaka."

Nikaitafuta ile picha kwenye kamera, nikampa. Akamtazama yule ndege kwa muda mrefu. Halafu, ndugu zangu, akacheka! Kicheko cha upande mmoja wa uso.

"Mzuri," akasema. "Aliyemuumba huyu ndiye aliyeniumba mimi. Siku yangu iko mkononi mwake, haiko kwa ndege."

Akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, akaomba. Hakuomba apone yeye! Aliomba mimi niondolewe woga. Na pale pale, kabla hajasema amina, nilisikia kifua changu kinafunguka, nikavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Haleluya!

Siku hiyohiyo nilirudisha picha zote, bundi akiwa wa kwanza. Mama alipona, sasa anatembea kwa fimbo. Lakini sikilizeni: hata kama angelala usingizi wa mwisho siku ile, mimi nilikuwa nimeshafunguliwa. Shangazi bado hafungui picha zangu. Tunasalimiana, namwombea.

Ndugu yangu, kuna kitu chema alichokupa Mungu, nawe umekificha kwa sababu ya maneno ya watu? Kuna mgonjwa unayemkwepa? Usiondoke hapa na woga huo. Njoo mbele, tuombe pamoja. Aliyeniwekea mkono kichwani mwangu yuko pale kwenye benchi la mbele, na ameniambia kabla sijapanda hapa kwamba leo ana nguvu za kuwaombea wengi.