Mbao Kavu za Fundi Leodgar Bukuru Ruhaga (1953–2025)

Marehemu Leodgar Bukuru Ruhaga alizaliwa Simbo tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa Mzee Bonaventura na Mama Yunisi. Alisoma hapo hapo kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1968. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alichopenda ni randa ya mjomba wake, aliyemfundisha useremala.

Mwaka 1975 alifungua karakana Mwanga, karibu na soko. Wenzake walisifu mninga. Yeye alikuwa mtu wa paini.

"Paini haina makuu," alizoea kusema. "Nyepesi, inakubali randa, inakubali msumari. Ila uiache ikauke. Ukiiharakisha, itakuumbua."

Nyumba nyingi za mtaa wetu alizipaua yeye, na wengi wetu tumelala kwenye vitanda vyake.

Alifunga ndoa na Leonia tarehe 8 Julai 1978, wakajaliwa Yona na Scola. Leonia alifariki Aprili 2009, katikati ya masika. Fundi alimtengenezea jeneza mwenyewe, kwa mbao zilizoshushwa kwenye lori jana yake, mbichi kabisa, kwa kuwa nyingine hazikuwepo na maziko hayangojei. Jua la asubuhi likalipiga. Misa ilipokwisha, mfuniko ulikuwa umepinda na misumari imeachia. Alitembea hadi makaburini akiukandamiza kwa kiganja, utomvu ukimganda mkononi. Aliona aibu mbele ya mkewe, na aibu hiyo haikumtoka.

Baada ya hapo alipanga mbao nyuma ya karakana, vijiti katikati ili hewa ipite, akaziandika kwa chaki: ZANGU.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Scola ndiye aliyemuuguza, hospitali na kurudi, hadi wote wawili wakachoka hata kuongea. Novemba 2025, Jeremia, mvuvi wa Mwamgongo, alikuja kwa boti kumtafutia marehemu mkewe jeneza. Mbao zote sokoni zilikuwa mbichi.

"Mpe zile," alisema Fundi kutoka kitandani.

"Baba, zile ni zako!" Scola alimjibu.

"Mwana wanje, mimi bado napumua. Zangu zitakauka."

Scola alikasirika, wala hakuficha. Alinunua mbao nyingine siku hiyo hiyo, akazipanga kama alivyofundishwa. Kila asubuhi alizigusa, kisha akaingia ndani kumwomba baba yake angoje kidogo. Mzee hakuweza. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 2 Disemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Veneranda, na Jeremia, aliyefika leo kwa boti ya kwanza.

Wabebaji wasishtuke wakiona utomvu. Mvua haikutupa nafasi ya kuzikausha mbao, na mfuniko umeanza kuinuka upande wa miguuni. Scola ataushikilia kwa mkono hadi makaburini, na Jeremia ameomba ashike upande wa pili.

Fundi wetu apumzike sasa. Haraka yote imekwisha.