Somo la Kuosha Maiti kwenye Simu ya Ghalia

Benchi letu lipo ukutani kwa Ghalia, hapa Ibra, Omani, hatua chache kutoka soko la wanawake la Jumatano. Wanaume wakipita huinamisha macho, si kwa haya, ila wanajua tumeshawaona. Kila siku baada ya sala ya alasiri tunakaa wanawake wanne, sote wa kuzaliwa Unguja na Pemba, birika la kahawa katikati na sahani ya tende. Ghalia tunamwita Mama Chaji, kwani simu yake haitoki kwenye waya. Rumaitha ni Bi Fatwa. Kitabu hana, hukumu anayo ya kila jambo. Mimi wananiita Redio, na sijapata kukataa. Wa nne ni Bi Kaltham, na huyo hana jina la utani, maana nani atamtania mtu atakayekuja kumwosha? Miaka thelathini ndiye muosha maiti wa kike wa watu wetu, kutoka hapa mpaka Sinaw. Jumatatu, alipokuwa akimwosha marehemu Bi Sheha, mikono ilimtetemeka, kopo likamponyoka likamwangukia maiti kifuani. Hilo alitwambia mwenyewe, kwa sababu aibu ilikuwa yake. Kisha akasema: khalas, imetosha, siingii tena kuosha. Basi siku ile kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida yake. Nani ataingia?

— Kwenye simu yamo, akasema Mama Chaji. Yote yamo. Kitukuu wangu wa miaka mitatu kajifunza rangi kwa bata wa kwenye video. Mjukuu wangu Rahaf kajifunza keki. Mimi mwenyewe nina yule bwana wa mazoezi ya magoti, ya wenye miaka sitini na kwenda juu. Na kuosha maiti imo.

— Hiyo ya umri gani? nikamuuliza.

— Imeandikwa, ya kila umri.

— Hapo wamesema kweli, akasema Bi Kaltham, polepole.

Mama Chaji akatuonyesha. Mwanamke kajifunika mpaka kucha, anaosha mtu wa plastiki, na huku anaeleza kwa Kiarabu cha kitabuni.

— Mtu wa plastiki! akasema Bi Fatwa. Haifai. Maiti ana uzito wake. Huyu ukimgeuza anageuka kama mto wa kulalia.

— Lakini udhu kapatia, Rumaitha, akasema Mama Chaji. Tazama.

— Na tangazo je? Umefika bega la kushoto, mara muziki, mara sabuni ya kufulia! Malaika wamejaa chumbani, wewe na kidole chako kibichi unatafuta pa kuliruka!

— Ukilipia halitokei.

— Enhe! Basi maiti wa tajiri ataoshwa moja kwa moja, wa maskini atangoja tangazo limalizike. Na mimi nakwambia, mtu akioshwa kwa video, kaburini akiulizwa atajibu kwa sauti ya mwanamke huyo.

Sikutaka kupitwa.

— Laki mbili wameitazama, nikasema. Kama kila mtazamaji anaandikiwa thawabu za kuhudhuria, hayo ni maziko makubwa kuliko yote niliyopata kuyaona, na hakuna hata mmoja aliyepika wali.

— Subirini, akasema Mama Chaji. Mwakani italetwa mashine. Unamtia marehemu, unafunga mlango, unabonyeza.

— Astaghfirullah, Ghalia!

Tukacheka mpaka mitandio ikatuteleza. Kisha tukaona kuwa Bi Kaltham hacheki. Aliweka kikombe chake chini, nacho kikagongagonga sahani kabla ya kutulia.

— Anafundisha vizuri yule mwanamke, akasema. Majani ya mkunazi katia. Karafuu maiti kaiachia maji ya mwisho. Anaanza upande wa kulia, hana haraka. Lakini neno moja hakulisema.

— Lipi?

— Ukishatoka mle chumbani, hukuona kitu.

Hilo lilinigusa mimi kuliko wote. Miaka thelathini nimemwandama Bi Kaltham kwa haluwa, kwa udi, kwa maneno matamu: fulani alikuwaje, kweli ana lile kovu, kweli mumewe alikuwa akimpiga? Hajanipa hata nusu neno. Nilimwita mchoyo mbele za watu. Halafu akafa dada yangu, Bi Kaltham akaingia naye, akatoka, akakaa hapa akanywa kahawa. Siku ile nilimbusu mkono.

Ndipo alipotoka Ahlam, mjukuu wa Mama Chaji. Ana miaka ishirini na minne, kazaliwa hapa hapa, anasomesha watoto wa chekechea. Kiswahili chake nusu Kiarabu.

— Shikamooni, bibi zangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Ile video mimi nimetazama, wallahi mara kumi. Nimeandika daftari. Mimi nataka kuosha.

— Wewe? akasema Bi Fatwa. Maiti umepata kumwona?

— La.

— Basi katazame keki. Hiyo ndiyo video ya umri wako.

Ahlam alichuchumaa mbele ya Bi Kaltham.

— Na wewe, bibi, siku yako ikifika, nani atakuosha?

Bi Kaltham hana binti. Anao wana wawili wa kiume, wako Maskati. Na sisi? Miaka yote hiyo yeye akiingia ndani, sisi tunabaki ukumbini na misahafu yetu, tunalia kwa adabu. Hatujapata kumshikia hata kopo. Mama Chaji aliilaza simu kifudifudi.

Bi Kaltham alimtazama yule mtoto. Kisha akaanza kupandisha mkono wa kanzu yake, wa kulia, kidogo kidogo, maana vidole havikumtii. Mimi na Bi Fatwa, bila ya kuambizana, tukasimama tukavua mitandio ya juu, tukaishika ikawa pazia baina yake na njia. Bi Kaltham akaulaza ule mkono mtupu, unatetemeka, mapajani mwa Ahlam.

— Plastiki haitetemeki, akasema. Wala maiti hatetemeki. Ukiuweza huu, umeweza. Ghalia, tuletee kopo la maji.

Mama Chaji akainuka, magoti yakalia.

— Ya baridi au ya moto?

— Mimi nimeshaacha kazi. Muulize muosha.

Ahlam akaiangalia ile simu, kisha akainua macho.

— Unapenda vipi, bibi?

— Vuguvugu, mwanangu, akasema Bi Kaltham. Hakuna aliyepata kuniuliza.