Mixa Ilipokufa Mikononi mwa Mzee wa Kanisa

Bwana asifiwe! Aa, hiyo ni amina ya watu waliolala. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Nawasalimu katika jina la Yesu, wenyeji wa hapa Kamunyonge na wageni wetu wa Bunda. Na namsalimu mama yangu, aliyetoka kijijini Butiama leo asubuhi, yule pale benchi la kwanza. Shikamoo, mama. Ushuhuda huu ni wako.

Mnanijua. Mimi ni Wakuru, fundi mitambo wa kwaya. Nimekuja kumshukuru Mungu, lakini nimekuja na hasira na sitaificha. Mchungaji aliniomba nishuhudie kwa upole. Nimeutafuta huo upole tangu jana, nimeukosa.

Ndugu zangu, mnaikumbuka ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, betri za redio tunazianika juani? Kanisa hili lilikuwa na mixa moja tu, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki na kinanda kabla hazijaenda kwenye spika. Ilikuwa kuukuu, nzito kama gunia la udaga, muhogo mkavu. Kitufe kimoja kilivunjika nikachonga kingine kwa gunzi la muhindi. Ikikohoa, tulikuwaga tunaipeleka Mukendo kwa fundi redio, anaifungua kwa bisibisi, jioni inaimba. Shida zote zile, na haikutuangusha mkutanoni.

Kisha soko likafunguliwa, vitu vikamwagika madukani. Akaja ndugu mmoja muuzaji kutoka Mwanza na mixa mpya ya kidijitali, kioo kinawaka maandishi, vitufe laini kama siagi. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Mimi niliuliza swali moja tu: "Ikiharibika, fundi wake yuko wapi?" Mzee Magesa, mwenyekiti wa kamati ya mitambo, akanikata kauli: "Wakuru, huyu ndugu ameokoka. Unamhoji kama polisi?" Muuzaji akatabasamu, akapiga magoti, akaiombea mashine. Sisi tukasema amina. Hiyo amina ndiyo ilikuwa dhamana yetu, hakuna nyingine!

Ibada za humu ndani ilizimudu. Tatizo lilikuwa mikutano ya nje. Mhubiri anahubiri weee, anafika kwenye wito, anawaita watu waje kuokoka, hapo hapo kioo kinaganda. Spika zinapiga yowe moja, halafu kimya. Watu waliokuwa wanakuja mbele wanasimama katikati ya uwanja, wanatazamana, wanarudi walikotoka. Ukiizima ikapumzika kivulini, inaamka kama vile haijatenda kosa. Wakasema shetani anaukata wito. Nikawaambia, jamani, mashine inapata joto! Wito unakuja mwisho, na mashine imeshinda juani mchana kutwa! Nani alinisikiliza?

Fundi wa Mukendo aliitazama akasema wazi, "Dada, hii siiwezi. Inataka kiwanda chake." Tukapanga foleni posta kumpigia simu muuzaji. Hayupo. Tukapiga tena. Amesafiri. Siku aliyopokea, alimwambia Mzee Magesa maneno haya: "Mashine hii ni kompyuta, haikosei. Ombeni, halafu angalieni mikono inayoigusa."

Ndugu zangu, mikono iliyokuwa inaigusa ni hii! Hii hapa! Mtu anauza kitu kibovu, anaulizwa, anajibu kwa jina la maombi! Na wazee wetu, watu wazima wenye mvi, badala ya kuufuata ubovu kwenye mashine, wakaja kuutafuta kwangu. Sijaolewa, ninaishi peke yangu, basi lazima kuna jambo. Nikasimamishwa hapa nilipo sasa, maiki imewashwa, Mzee Magesa akatangaza kwamba nimetengwa mpaka nitubu. Nitubu nini? Nilipouliza, nikaambiwa dhambi yangu ninaijua mwenyewe. Nikapelekwa benchi la nyuma, Meza ya Bwana ikawa inanipita.

Habari zikafika Butiama kabla yangu. Nilipoenda, mama alinipokea mzigo, akaniketisha jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ulikuwaga unafanya nini huko mjini?" Nikamwambia, "Sijafanya kitu, mama." Akageuka, akaendelea kuchochea moto. Hakuniamini! Benchi la nyuma nililivumilia, ndugu zangu. Mgongo wa mama yangu pale jikoni ndio ulionikata maini. Nilifika mahali nikawa natafuta dhambi yoyote ya kutubu, hata ya uongo, ili mradi mama anitazame tena usoni.

Lakini Mungu si kamati! Ukaja mkutano wa Nyamuswa, makanisa yote pamoja. Mzee Magesa akasema mixa ataiendesha mwenyewe. Alikuwa amefunga, na mikono ameipaka mafuta ya upako. Mimi nilikaa mbali kabisa, nyuma ya akina mama. Wito ukaanza, watu wakainuka. Kioo kikaganda! Yowe! Kimya! Mikononi mwa nani, ndugu zangu? Na bado hakuona aibu. Alininyooshea kidole mbele ya uwanja mzima: "Wakuru, ondoka hapa, unatuzuilia baraka!"

Ndipo Bwana akamwinua Mama Wegesa, shemasi wa kanisa la Bunda, huyu hapa. Alisema bila maiki, na kila mtu alimsikia: "Mzee, subiri kwanza. Na sisi tuliuziwa mixa kama hii na ndugu huyo huyo. Inakufaga hivi hivi, saa ya wito. Huyu dada hajawahi kukanyaga kwetu! Na sisi tuliambiwa tuangalie mikono. Tumemtenga mpiga kinanda wetu bure!"

Haleluya! Nililia, nikacheka, nikapiga vigelegele peke yangu!

Wajumbe wa makanisa yetu wakaenda Mwanza, wakambana muuzaji mpaka akasema. Kiwanda kilikwisha kuacha kuitengeneza mixa ile kabla hajatuletea. Vipuri hakuna, fundi hakuna. Alijua! Alijua siku ile alipopiga magoti!

Ile kuukuu tumeitoa stoo, tumeifuta vumbi, na gunzi lake bado lipo. Ndiyo inayobeba sauti yangu sasa hivi. Na mimi nimerudishwa kundini. Nimerudishwaje? Nilinong'onezwa mlangoni, "Dada, endelea na kazi." Nilitengwa kwa spika, nikarudishwa kwa mnong'ono!

Asante Yesu, uliyenijua nilipokuwa sijulikani. Na wewe unayesingiziwa leo, usitubu dhambi ambayo si yako. Mtumaini Mungu, anao mashahidi wake hata Bunda. Lakini ukiuziwa mashine, hata na aliyeokoka, muulize fundi wake yuko wapi. Kuuliza si kukosa imani.

Sasa, Mzee Magesa, njoo. Maiki ni hii, imewashwa, na mixa hii haitazimika. Usiniambie mimi, mimi najua. Mwambie mama yangu.