Mlango wa Karibu Wakati wa Mvua ya Mawe

Bwana asifiwe wakati wa jua, ndugu zangu, na wakati wa mvua asifiwe zaidi! Nasema zaidi kwa sababu Mungu alinishika mkono kwa mvua, na leo nataka kuwaeleza jinsi alivyomwokoa mtoto wangu na kunifungua mimi kutoka katika hofu. Kuna watu ushuhuda wao umenyooka kama barabara ya lami. Wangu unapita kwenye matope. Mnivumilie.

Mimi naitwa Kambale, mtoto wa Luofu, kule kwenye milima ya Lubero. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu, kisha miguu ikanichukua: Bunia, Isiro, mwishowe Kisangani. Kila nilipofika nilianza kutamani nilikotoka. Kisangani, joto likinibana, nilikumbuka ukungu wa Luofu asubuhi, harufu ya moshi wa kuni mbichi, na mama akipiga kelele tuanue maharagwe kabla ya mvua. Mama hakuwa mtu wa kuhesabu miaka. Aliihesabu kwa hali ya hewa. Dada yangu alizaliwa mwaka wa jua kali. Mimi nilizaliwa siku ya mvua ya mawe, na mama alisema ndiyo maana situlii.

Mke wangu Kavira alikuwa Beni kwa kaka yake, pamoja na binti yetu Masika, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaanza shule. Mama alikuwa amekimbilia Butembo kwa sababu ya vita. Kisha habari zikanifikia kwa simu kwamba mama anakohoa, kifua hakimwachi, na anataka amwone mjukuu wake, ambaye hajawahi kumshika. Ndugu zangu, niliondoka Kisangani nikiwa juu ya lori la mafuta ya mawese.

Safari ile! Mvua za mwanzo zilikuwa zimefika. Msituni, upande wa Mambasa, barabara ilikuwa imegeuka uji. Malori yalipangana, mengine yamelala ubavu, na watu wanapika chini yake kama ni nyumbani. Tulichimba, tukasukuma, tukalala chini ya hema la lori, maji yakitiririka juu ya plastiki. Mimi nilifurahi, msinicheke. Kila mlima tulioupanda nilisema, sasa nakaribia baridi ya kwetu. Nilijua nchi ninayoirudia. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilipofika Beni nilishuka na matope hadi kichwani, nikamwona shemeji yangu mlangoni, nikamnyooshea mkono. Akautazama tu. Nikamnyooshea jirani yake, naye akarudi nyuma. Nikawaza, nimewakosea nini watu hawa?

Kavira akatoka ndani akicheka. “Papa Masika, hapa hatusalimiane tena na mukono. Weka kiwiko! Na kwanza unawe, ndoo iko pale.”

Nikanawa. Maji yalikuwa na ile dawa inayonuka hospitali. Ebola ilikuwa imekaa Beni na Butembo kwa muda mrefu, imezika watu wengi, na kila mlango ulikuwa na ndoo yake. Watu walikuwa wakingoja kwa hamu siku ya kutangaziwa kwamba imekwisha. Na ndipo, ndugu zangu, redio ikaanza kusema habari za ugonjwa mwingine kutoka mbali. Corona. Shule zikafungwa. Makanisa yakafungwa, na misikiti pia.

Kavira alikuwa akikaanga ndizi siku ile tulipoisikia. Akaweka mwiko chini. “Mais, lakini huyu naye anatoka wapi? Mwenzake hajamaliza! Bagonjwa bapange foleni, basi.”

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Kwa Ebola walituambia tusigusane. Kwa Corona walituambia tufunike midomo na tusikaribiane. Jirani mmoja alisema ni tangawizi na limau. Mwingine alisema ni uongo wa wakubwa, wanataka kula. Mtu akipata joto mwilini hatukujua tena tuseme nini. Zamani tulisema mvua imempiga, au ni malaria, tukampa chai. Sasa homa ilikuwa na majina mengi, na kila jina lilikuwa na hema lake la kutenga wagonjwa na watu wake waliovaa mavazi yanayowafunika hadi macho. Tulikuwa tunaogopa hema kuliko ugonjwa. Watu walisema, anayeingia pale hatoki. Na mimi niliyeona dunia, mwenye diploma, niliamini hivyo hivyo.

Mama akapiga simu. Alikohoa kabla ya kusema. “Kambale, huku baridi iko kali, mvua inanyesha kila siku. Kama unakuja, kuja. Nisikufe bila kuona ule mutoto.”

Basi tukaenda. Mwenye gari alikuwa Saidi, Muislamu wa Beni, mtu wa barabara tangu ujana wake, mwenye mizaha mingi. Jua la Beni lilikuwa linachoma. Masika alikaa upande wa dirisha, juu ya magoti ya mama yake. Mwanzoni aliimba. Tulipoanza kupanda milima, alinyamaza. Kavira akamgusa shingo, akanitazama. Nami nikamgusa. Alikuwa moto.

Ndugu zangu, mbele yetu kulikuwa na barieri ya afya, kizuizi cha kamba barabarani. Kila msafiri alishuka, akanawa mikono, akapimwa joto kwenye paji la uso kwa kile kipimo kinachofanana na bastola. Ukikutwa na joto, unaingia kwenye hema. Mbele yetu kulikuwa na Butembo, na huko mama yangu alikuwa anangoja. Nikahesabu kila njia moyoni. Hakuna njia ndogo katika milima ile ambayo sikuipita nikiwa kijana.

Walimpima Masika. Kijana wa kipimo akatazama, akapima tena. “Mama, mutoto iko na fièvre.”

“Ni jua!” Kavira akasema haraka. “Alikaa kwa dirisha tangu Beni. Hata wewe ungekaa pale ungeiva!”

“Bon. Mukae kwa kivuli kidogo, tutapima tena.”

Tukaenda chini ya mti, kando ya barabara. Wakati huo dereva mmoja wa pikipiki akanisogelea, taratibu, kama anauza kitu cha wizi. “Papa, unipe mama na mutoto. Mi nashuka na njia ya migomba, napanda na kule. We upite na gari, utabakuta mbele. Kila siku tunafanya.”

Nilijua njia ile! Nilimtazama Kavira. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza polepole, “Wakimuchukua, nitabaki na nani?” Kama tukipita kwa siri, tutafika kwa mama. Kama mtoto ana ugonjwa ule mbaya, tutakuwa tumempelekea mama kifo mlangoni. Kama hana, tunamwingiza hemani bure, kati ya walio nao. Nilisema, Mungu wangu, nionyeshe! Sikuonyeshwa kitu. Nilisikia tu pikipiki ikiwashwa. Kavira akapanda, mtoto amemfunga mgongoni, nami nikawashikia kifurushi chao ili nikiweke mbele ya dereva.

Hapo ndipo mbingu ikapasuka.

Haikuanza na matone. Ilianza na mawe! Mvua ya mawe, ndugu zangu, meupe kama mbegu za maharagwe, yakilia juu ya mabati ya gari, yakikata majani ya migomba. Yule wa pikipiki alimshusha Kavira, akatuacha, akasukuma pikipiki yake hadi kwenye kibanda cha wauza karanga, ambako watu walikuwa wamekwisha kubanana. Njia ya migomba ikawa mto mwekundu mbele ya macho yetu. Gari la Saidi lilikuwa mbali, upande wa pili wa kamba. Mawe yalimpiga Masika kichwani akalia.

Na katika kilio kile nilisikia sauti ya mama, wazi kabisa, sauti ya Luofu ya zamani. Kwetu mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtoto aliyeivunja: mvua ya mawe ikikukuta njiani, ingia mlango wa karibu. Usichague. Hata kama ni nyumba ya mtu mliyegombana kwa shamba, ingia, na mwenye nyumba hawezi kukufukuza hadi mawe yaishe. Siku moja mama mwenyewe aliingia kwa mwanamke ambaye hawakuwa wanasalimiana, akatoka pale na bakuli la mbegu za viazi. Mawe hayaulizi jina, alisema.

Nikainua macho. Mlango wa karibu ulikuwa hema.

Nilimshika Kavira mkono nikakimbia naye. Hakukataa. Tukaingia tumelowa, tunatetemeka, na mwanamke aliyefunikwa mwili mzima akasimama mbele yetu. Macho tu ndiyo yalionekana. Nilingoja atufukuze au atukamate. Badala yake alimsalimia Masika kwa Kinande, lugha ya kwetu! Wavyukire, akamwambia, umeamkaje, kama vile walikuwa wamekutana sokoni Vuhovi. Masika akaacha kulia ili amtazame vizuri. Kisha akamuuliza, “Uko mutu?”

Yule muuguzi akacheka ndani ya barakoa yake. “Niko mutu, mama. Na mimi mvua inanipata.”

Walimpima damu. Kipimo cha kwanza kilionyesha malaria, wakampa dawa palepale. Lakini walisema lazima wangoje jibu la kile kingine, cha Ebola, kwa hiyo Kavira abaki na mtoto ndani, na mimi nje ya wavu uliozunguka hema. Hapo ndugu zangu ndipo nilipojua maana ya kungoja. Nilikaa kwenye jiwe, nguo zimelowa, sijui kesho yangu. Saidi angeweza kuondoka, abiria wake wengine walikuwa wanamtukana. Aliwatafutia gari lingine, akarudi na mkate.

“Mimi nilibaleta watatu,” akasema, “nitafikisha watatu. Kambale, we ulidhani unajua njia zote. Ya hema ulikuwa hujui, shi?”

Kisha akanawa kwenye ile ndoo ya barieri, akatandika koti lake, akasali. Nami nikapiga magoti kando yake. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, sijui ugonjwa huu jina lake, sijui kama mama yangu ni mzima, sijui nifanye nini, nimeingia mlango wa karibu, basi wewe uwe mwenye nyumba. Amina! Nilipoinuka sikuwa nimeelewa chochote zaidi. Lakini ile hofu iliyokuwa inanikimbiza kichwani ilikuwa imekaa chini. Nilikula mkate.

Siku iliyofuata jibu lilikuja: hakuna Ebola. Haleluya! Kavira alitoka na Masika akitembea kwa miguu yake, mkononi ana puto walilomtengenezea kwa glavu.

Tukafika Butembo kwenye baridi na ukungu. Mama alikuwa amejifungia ndani. Alikuwa amekataa katakata kwenda kituo cha afya, kwa hofu ileile yetu. Masika alisimama mlangoni, mbali kidogo kama alivyofundishwa, akamwonyesha bibi yake puto. “Koko, mimi niliingia kwa hema. Iko mama mumoja ndani, anajua Kinande. Nilitoka.”

Mama akalitazama puto. Kisha akauliza nani alituambia tuingie pale. Nikamwambia, ni wewe. Nikamweleza mawe. Akakohoa, akacheka, akatafuta kitenge chake cha kutokea, akasema twende.

Ugonjwa wake ulikuwa nini? Ndugu zangu, mpaka leo sijui. Kituoni walimpa dawa ya kifua, wakatuambia tulale mbali naye na tufungue madirisha. Wengine walisema ni baridi, wengine ni Corona, mama alisema ni moshi. Mvua zilipokatika na jua la mwezi wa sita likaja, kikohozi kikaondoka nazo. Alimbeba Masika mgongoni. Nilimwona kwa macho yangu.

Tulikaa Butembo miaka kadhaa, mimi nisiyetulia. Kisha mashamba hayakuendeka tena kwa ajili ya bunduki, na Kavira akasema turudi Kisangani, tujenge. Mama alikataa kuondoka. “Mvua ya huku inanijua,” alisema. Alinibariki mlangoni, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wameanza tena kushikana mikono. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba safari hii sirudi kukaa.

Saidi ndiye aliyetupeleka. Tulipofika kwenye ile barieri, hapakuwa na barieri. Kamba haipo, vijana hawapo. Ndoo moja ilibaki, bomba lake limevunjika, na palipokuwa na hema majani yalikuwa hayajaota vizuri. Nikamwomba Saidi asimame. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanza.

“Mvua inakuja,” akasema. “Unataka tena kulala hapa?”

Tulishuka sote. Masika, ambaye sasa ananifikia kifuani, alisimama katikati ya ile ardhi tupu akatazama huku na huku. “Papa, mvua ikikamata sasa, tunaingia wapi? Mulango hauko.”

Nilimwambia tuombe. Tukaomba tukiwa tumesimama, mvua ikitulowesha, Saidi naye amefungua viganja vyake kando yetu. Na pale, ndugu zangu, nilielewa jambo moja tu katika yote haya, ndilo ninalowaletea. Hema lilikuwa limeondolewa, na Yule aliyetupokea ndani yake alikuwa bado yupo.

Wewe unayesikia leo mawe yakilia juu ya bati lako, hujui jina la kinachokutisha, unatafuta njia ya migomba: usingoje uelewe kwanza. Ingia kwake. Hachagui, hafukuzi. Nakushukuru, Bwana, kwa mvua ile!

Tulipanda gari tumelowa, tukaenda.