Fundi Leodgar Magesa wa Bukima na Mapazia Yanayojificha

Ndugu waombolezaji, majirani wa Bukima, wageni mliotoka Musoma, Bunda na Butiama, kwa niaba ya ukoo wa mzee Magesa nimesimama hapa mimi Boniphace, mdogo wa marehemu, kuwasomea historia ya kaka yangu Leodgar, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyopewa na wazee jana jioni ilikuwa ya ukurasa mmoja, na hii niliyoshika nimeiandika mwenyewe leo alfajiri, na ni ndefu kuliko ile.

Marehemu Leodgar Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa Bukima, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Magesa na mama yetu Boke, wazazi ambao wote wawili wametangulia mbele za haki, akabatizwa mwaka huo huo, na tangu utoto alijulikana kwa upole wake na kwa kutokuwa na faida yoyote ndani ya mtumbwi, maana baba alipompeleka kuvua alisahau nyavu akabaki anakagua tanga, akitaka kujua limeshonwaje.

Alianza shule ya misheni Januari 1953, akafika darasa la sita mwaka 1958, ndipo baba alipofariki na masomo yakaishia hapo, na Februari 1961 mjomba wetu akampeleka mjini Musoma kwa fundi Alawi Kudura, mshonaji wa makochi na mapazia, ambaye alimlea kama mwanawe bila kujali kwamba mmoja alikwenda msikitini na mwingine kanisani, akamfundisha kwamba pazia halikatwi kabla fundi hajakaa kutwa nzima ndani ya chumba, kuanzia jua linapoingia hadi linapotoka. Desturi hiyo marehemu hakuiacha, na wako wateja humu waliodhani kwamba fundi amekuja kwao kupumzika.

Mwaka 1968 alifungua kibanda chake mwenyewe karibu na soko la Musoma, na tarehe 9 Novemba mwaka huo huo alifunga ndoa takatifu huko Bunda na Jenoveva binti Jilala, wakajaliwa watoto wawili, Ursula aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1970, ambaye leo ni mwalimu huko Butiama, na Pastory aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1974, ambaye ni fundi umeme. Nyumba hii tuliyokusanyika waliijenga mwaka 1975, wakaweka dirisha moja pana la kuangalia ziwa, ambalo mama yetu alililalamikia kwamba linaingiza upepo kuliko mlango, lakini Jenoveva alilitaka hivyo, na kaka yangu alikuwa mtu wa kumpa mkewe alichotaka.

Sasa nafika kwenye miaka ambayo karatasi ya wazee iliiruka. Baada ya vita vya mwaka 1979 vitambaa vilipotea madukani, mkawa mnajipanga foleni toka asubuhi kwa kipande cha sabuni, mshonaji wa mapazia akawa mtu wa kuchekwa, na hapo Jenoveva, ambaye shangazi yake aliishi Muhuru upande wa Kenya, akaanza kuvuka na boti za wavuvi kwenda kuleta majora ya kitambaa. Hayo yalikuwa magendo, sitayapamba, na balozi wa nyumba kumi wa hapa nilikuwa mimi, nilijua yote, na shati nililovaa kwenye mikutano ya kukemea magendo lilitoka kwenye jora mojawapo.

Walikuwa na alama yao mume na mke. Pazia la maua mekundu likining'inia kwenye dirisha la ziwani, maana yake njia ni nyeupe, boti itie nanga, na dirisha likiwa tupu, maana yake pana hatari, Jenoveva apitilize hadi kisiwa cha Rukuba akasubiri kwa wavuvi. Tarehe 25 Machi 1983, siku ya Ijumaa, Jenoveva alivuka kama alivyozoea, akamwachia Ursula funguo za stoo na kumwambia atarudi kabla unga haujaisha, na siku zile zile msako wa wahujumu uchumi ukaanza nchi nzima.

Ndani ya nyumba hii yalikuwamo majora matatu. Watu wengine walitupa mali zao ziwani, lakini kaka yangu hakuweza kutupa kitambaa, ilikuwa kama kumwambia mkulima amwage mbegu, basi akachukua bomba la maji, akavingirisha vitambaa vyote juu yake, akatengeneza kisanduku cha mbao juu ya dirisha, akakipaka udongo na chokaa hadi kikafanana na ukuta, na nikamwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, aviringishe na lile pazia la maua mekundu, kwa sababu afisa yeyote angeuliza kitambaa kile kimenunuliwa wapi. Alinitazama sana. Aliniambia, "Boni, hili ndilo analiangaliaga," nami nikamjibu kwamba mkewe ana akili, atasubiri.

Tarehe 6 Aprili 1983 wakaguzi walifika, wakakaa chini ya dirisha lile lile, wakanywa uji wa Ursula, wakaondoka bila kuona kitu, na nilijiona balozi mwerevu kuliko wote wa Mara. Kila wiki kaka yangu alikuja kuniuliza kama sasa anaweza kulishusha, na kila wiki nilimwambia bado, si kwa sababu nilijua lolote, bali kwa sababu niliogopa, na mwoga akishapewa cheo huita woga wake busara. Wavuvi wa Rukuba walikuja kutueleza baadaye kwamba Jenoveva alipita mbele ya dirisha hili mara mbili, mwezi Mei na mwezi Juni, akalikuta tupu, akakaa kisiwani siku nane, akaambiwa na mtu wa kupita kwamba mshonaji wa Bukima amekamatwa, na akarudi Kenya analia.

Julai 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa na vitambaa vikaanza kuonekana tena madukani, marehemu alilishusha pazia bila kuniuliza, na lilining'inia pale hadi maua yake yakafutika kwa jua, kisha akashona jingine. Mwaka 1985 alivuka mpaka wa Sirari akaenda Muhuru kumtafuta, akakuta shangazi amefariki na nyumba ina wapangaji, akaambiwa mkewe alielekea Kisumu, akazunguka Kisumu wiki tatu akiangalia sura za wanawake sokoni, akarudi amekonda. Shangazi zetu walimletea wachumba wawili kwa nyakati tofauti, aliwapokea kwa heshima, akawapa chai, akawasindikiza hadi barabarani.

Katika kazi, jina lake lilikua kuanzia mwaka 1992, pale mfanyabiashara Salum, aliyepata riziki yake katika dhahabu huko Kiabakari, alipojenga nyumba Musoma yenye ukuta mzima wa kioo kuelekea ziwa, nyumba ambayo saa sita mchana ilikuwa tanuri, na wapita njia walihesabu matonge ya ugali wa watu wa mle, lakini mwenye nyumba hakutaka kuona pazia pale asipolihitaji. Mafundi wengine walisema haiwezekani. Marehemu alikaa kwenye chumba kile kutwa nzima, jioni akasema inawezekana, akaficha bomba ndani ya dari, akafunga mota ya waipa kutoka kwenye Landrova iliyokufa gereji, akaiunganisha na betri ya gari ili umeme ukikatika kazi isisimame, na siku ya majaribio alipobonyeza swichi pazia liliteremka vizuri sana, likafika chini, halikusimama, likaendelea kujimwaga sakafuni hadi mke wa Salum akapanda juu ya kochi. Kwa juma moja alitafuta namna ya kulisimamisha akaipata, kisha akafanya nyumba nyingine tano, tatu Musoma na mbili Bunda, na watu walikuwa wanasafiri kuja kuona kitambaa kinachotoka ukutani chenyewe na kurudi chenyewe.

Waliuliza alijifunza wapi, Nairobi au Ulaya, naye alicheka tu. Mimi ndiye niliyejua kwamba alijifunza hapa, wiki ile ya kuogopa, na kila nilipomsikia akisifiwa nilitamani ardhi ifunguke. Katika kila nyumba alimuuliza mwenye nyumba watu wake wanarudi kwa njia ipi, na dirisha la upande huo alilishughulikia mwisho, akawasihi wasilifunge mpaka wote wawe ndani, wao wakadhani ni utani wa fundi. Kwa miaka kumi na mitatu niliishi jirani yake na hakunilaumu hata siku moja, wala mimi sikumwomba msamaha, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze, na sasa amenishinda.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwezi Oktoba 1994, Mei mwaka huu akapata kiharusi kilichomlaza upande wa kushoto, akalazwa Musoma kwa wiki mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani na kitanda chake kigeuzwe kielekee ziwani, na tarehe 3 Agosti 1996, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, aliaga dunia akiwa na Ursula na Pastory pembeni yake.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa Musoma, kwa padre wetu, kwa walimu wenzake Ursula kutoka Butiama, kwa familia ya marehemu fundi Alawi wakiongozwa na bibi Mwanaupe, kwa Salum aliyetoa gari, kwa mafundi wa Musoma na Bunda waliofunga vibanda vyao kwa siku tatu, na kwa majirani mliochota maji na kupika tangu Jumamosi bila kuitwa.

Yupo mwingine wa kushukuriwa. Jana saa kumi alasiri alifika mama mmoja mwenye mfuko wa plastiki na vumbi la safari, hakusema yeye ni nani, akakaa huko nyuma kwenye masufuria akaanza kuosha vyombo vya msiba, na Pastory akampitia mara mbili akimwomba maji ya kunywa bila kumjua. Mimi nilimjua kwa sauti alipoitikia. Ameniambia kwamba Jumapili, akiwa jikoni kwa watu huko Kisumu, alisikia redio yetu ikisoma matangazo ya vifo, ikataja Leodgar Magesa wa Bukima, ikataja Ursula, ikataja Pastory, na hapo ndipo alipojua kwamba mume wake, ambaye watu walimwambia kuwa alifia gerezani mwaka 1983, naye akamvalia nguo nyeusi mwaka mzima na kuogopa kuvuka tena asije akakamatwa, alikuwa hai mpaka juzi.

Wazee wangu, jana mlikaa mkaamua karatasi isomeke kwamba marehemu alitengana na mkewe, na kwamba mgeni abaki nje mpaka matanga yaishe. Nawaheshimu, lakini hawa wawili hawakutengana, walitenganishwa, na aliyewatenganisha ndiye anayewasomea. Akina mama mlioketi karibu na jeneza, tafadhali sogeeni, mumpishe nafasi kwenye mkeka, na Ursula, nenda ukamshike mama yako mkono umlete.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Jenoveva, watoto wawili na wajukuu watatu.

Pumzika kwa amani, kaka. Mama Ursula amefika.