Mlango wa Namba Kumi na Nne

Benchi liko nje ya karakana ya Griet, mchapaji wa Antwerpen anayechonga picha kwenye ubao na kuzichapa, na asubuhi hiyo wazee watatu walikuwa wameligeuza lielekee dirishani. Griet ametundika picha mpya. Ni ile harusi ya wakulima ya mchoraji wa kale, anayoijua kila mtoto wa hapa, ambamo sahani za uji hubebwa juu ya mlango uliong'olewa. Ila waalikwa wa Griet wamevaa suti na kofia za ujenzi, na mlango wao una namba 14. Wannes, mmoja wa wale watatu, alishika kikombe kwa mikono miwili. Mtaa wote umeshahama. Nyumba iliyobaki ni yake, namba 14, ng'ambo tu ya barabara, na Jumatatu anatakiwa kukabidhi funguo ili ibomolewe.

— Wamekula mtaa, sasa wanataka uji, alisema Nahodha, aliyeendesha kivuko cha mtoni maisha yake yote. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya akiba, we mzee! alisema Profesa, bibi aliyekuwa akikata tiketi makumbusho. Griet anasema mlango ni meli. Wote hao watazama.

— Meli ina tundu la barua?

— Ya posta inalo.

— Haya. Basi bibi harusi ni tingatinga, bwana harusi ni winchi.

— Winchi! Ameshaoa mitaa mingapi huyo?

— Si mlango wangu, alisema Wannes.

Walimgeukia.

— Wannes, ndugu yangu, si namba yako hiyo? aliuliza Nahodha.

— Mbwa wangu aliukwaruza upande wa kulia. Hapa mikwaruzo iko kushoto.

Profesa alishusha pumzi.

— Picha ikichapwa hugeuka, Wannes. Namba aliichonga kinyume ili isomeke. Mikwaruzo akaisahau.

— Basi si wangu.

Nahodha alimmiminia kahawa ya mwisho, vuguvugu, machicha matupu.

Mama mmoja kijana, mgeni kwao, alisimamisha kigari cha mtoto akaitazama picha kwa muda.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani, mwenye mlango amekaa wapi humu pichani?

Nahodha alimtafuta mezani. Profesa alimtafuta kwa wapiga zumari, kisha chini ya benchi la waalikwa. Wakatazamana.

Wannes hakutafuta. Aliweka kikombe chini, akavuka barabara taratibu, akaingia kwake. Wakasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani.